Siku mbili, pwani moja: wikendi yangu ya Dingle, na ile ya Moher iliyonikosesha shosti

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma Cork, huku huku Ayalandi, aliniandikia: "Shikamoo dada. Nina Jumamosi na Jumapili tu. Nataka nione Miamba ya Moher, nizunguke rasi ya Dingle, halafu Jumapili mchana nipande hadi Giant's Causeway. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Anza kwa kufuta mawili kati ya hayo matatu.

Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikaniishia. Mpango wa namna hiyo hiyo niliwahi kuupanga mimi, tena nikautuma kwenye grupu la WhatsApp kwa mbwembwe zote, na mpaka leo mmoja wa waliokuwemo ndani ya lile gari hapokei simu zangu.

Ilikuwa mwaka juzi, wikendi ya mwisho ya Oktoba, ile ambayo Jumatatu yake ni mapumziko hapa Ayalandi. Tulikuwa watano, wote tunafanya zamu kwenye nyumba za wazee Dublin, na kupata watano mliopumzika siku moja ni kama kuotea bahati nasibu. Nikajipa uenyekiti. Nikachangisha euro 150 kwa kila mtu. Jumamosi tuone Moher, tupande boti ya Doolin kwenda kisiwa cha Inis Oírr, tulale Galway. Jumapili eneo la Connemara. Jumatatu nyumbani. Kwenye ramani ya simu vyote viko karibu karibu, kidole kimoja kinafika kote.

Ramani ya simu ni mwongo mkubwa. Ile barabara ya pwani ya magharibi wanayoiita Wild Atlantic Way, kutoka Donegal hadi Kinsale, ina kilomita 2,500 hivi. Kwa sisi wa Tanga, hiyo ni safari ya Dar karibu mara saba, na barabara yenyewe sehemu nyingine mkikutana magari mawili mmoja lazima arudi nyuma.

Balaa la kwanza lilitukuta kaunta ya kukodi gari. Nilikuwa nimelipia mtandaoni kwa kadi yangu ya benki ya kawaida. Dada wa kaunta akasema wanataka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva, ili wazuie humo dhamana ya gari. Dereva wetu, ambaye peke yake alikuwa na leseni ya hapa, hakuwa nayo. Ikabidi tununue bima ya ziada pale pale, na bima ile ikala hela ya chakula cha siku mbili. Wakati huo shosti wangu alikuwa bado nyumbani anasubiri pilau iive, maana nani anasafiri bila pilau? Tuliondoka Dublin saa sita mchana.

Njiani sisimulii, ni barabara kuu na mvua.

Tukafika Moher saa tisa na nusu. Miamba ile ina urefu wa mita 214 pale juu kabisa, karibu na mnara uliojengwa mwaka 1835, na inanyooka kandokando ya bahari kilomita kama 14. Hayo nayajua kwa kuyasoma. Kwa macho yangu niliona ukungu. Ukungu mweupe kama maziwa, mpaka ukutani ambako watu wanasimama kupiga picha, na chini yake sauti ya bahari tusiyoiona. Boti ya Doolin ilikuwa imeshafutwa tangu asubuhi kwa sababu ya mawimbi. Galway sikuwa nimelipia vyumba, nilidhani tutapata tu, na wikendi ya mapumziko Galway haipatikani hata stoo. Tukalala mji wa Ennis, watano vyumba viwili, kwa bei ambayo siitaji. Usiku ule saa zikarudishwa nyuma, kwa hiyo Jumapili saa kumi na moja na robo jioni jua lilikuwa limeshazama na Connemara hatukuiona. Shosti akasema kwa sauti, mbele ya wote: "Yaani umetutoa Dublin kuja kuangalia moshi."

Kisha akadai euro 40 zake kati ya zile 150. Nilimweleza kila senti ilikokwenda. Alisema anajua, lakini anazitaka.

Sitajifanya halikuniuma. Nilikaa mwaka mzima sitaki kusikia neno "safari". Ila katika mwaka huo nilifanya kitu kimoja cha maana: leseni. Leseni ya Tanzania hapa ukiwa mgeni unaitumia miezi 12, baada ya hapo ukiwa mkaazi haibadilishwi, unaanza upya. Mtihani wa maandishi, masomo ya lazima, halafu mtihani wa barabarani. Nilianguka mara moja, wa pili nikapita. Niliendesha lori la marehemu baba Korogwe hadi Tanga, halafu kijana wa miaka ishirini na mitano ananifundisha kutazama kioo! Nilivumilia. Leo kadi ya mkopo ni yangu, leseni ni yangu, na kaunta nikifika nasimama wima.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mama alikuja kutoka Tanga kunitembelea. Nikasema sasa ndiyo. Sikuunda grupu. Sikuchangisha mtu. Nilichagua sehemu moja, Dingle, nikalipia miezi mitatu kabla chumba kwenye nyumba ya wageni yenye kifungua kinywa, usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Sehemu moja, unalala hapo hapo. Nitalirudia hili hadi mnichoke.

Tuliondoka Ijumaa mchana baada ya zamu yangu ya usiku na usingizi wa saa nne (msiige hilo). Kutoka Dublin ni zaidi ya saa nne kwa gari: Limerick, Adare ambako foleni itakukuta tu, Tralee, kisha rasi yenyewe. Asiye na gari apande treni hadi Tralee, halafu basi hadi Dingle mjini, ila huko kwenye mzunguko wa pwani atahitaji ziara ya kulipia au baiskeli na mapafu mazuri.

Jumamosi tulikwenda Inch. Ni ufukwe wa mchanga wa kilomita tano hivi, na kilichomshangaza mama ni kwamba watu wanateremsha magari mpaka mchangani, wanaegesha, wanafungua viti. Nikataka na mimi niteremshe. Mama akakataa kushuka.

"Usiku ule wa jana hukuuona mwezi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeuona, mpevu, mkubwa juu ya bandari. Sikufikiria kitu.

"Basi leo bamvua, maji makubwa. Na maji yanajaa, tazama ule mstari. Ingekuwa kwetu, saa kumi yangekuwa yamejaa. Weka gari juu."

Nikaliweka juu, kwa aibu kidogo, nikijiambia Atlantiki si Bahari ya Hindi. Saa kumi unusu familia moja ilikuwa inakimbia na mablanketi, na trekta lilikuwa linavuta gari lao, maji yamefika kwenye vitasa. Mama hakusema neno. Alimenya chungwa. Sasa mimi, mtoto wa Tanga, niliyekulia kwa kusikia bamvua na maji mafu kila siku kabla sijajua kusoma, nilihitaji kuletewa mama kwa ndege ndipo nikumbuke kutazama mwezi. Majedwali ya kujaa na kupwa yapo bure mtandaoni kwa kila bandari. Tazama kabla hujatoka chumbani, kama unavyotazama hali ya hewa. Na hali ya hewa yenyewe isome kwa Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya hapa, asubuhi ile ile: wakitoa onyo la njano soma ni la nini, la machungwa kaa mbali na pwani, jekundu baki ndani kabisa.

Maji yenyewe ni ya baridi. Mama alitia miguu, akatoa, akasema bahari hii ni mgonjwa. Ukitaka kuoga, oga penye walinzi na bendera za nyekundu na njano, kati ya bendera hizo. Coumeenoole, ule ufukwe mdogo unaoonekana kwenye kila picha ya Dingle, una mkondo mbaya. Ni wa kutazama.

Jambo lililomsumbua mama kuliko baridi ni jua. Mwezi wa sita huko magharibi linazama saa nne usiku na dakika zake. Amekaa dirishani na udhu wake, kanga begani, anasubiri magharibi, na nje watoto wa Kizungu bado wanacheza mpira. "Hawa wanalala saa ngapi?" Isha ilitukuta usiku wa manane. Lakini jua hilo hilo ndilo linalokupa siku mbili ndani ya moja, na ndilo nililolikosa Oktoba ile. Nenda Mei, nenda Juni. Ukiepuka wikendi zenye Jumatatu ya mapumziko, bei zenyewe zitakushukuru.

Jumapili tulitoka saa mbili asubuhi kuzunguka Slea Head. Ni kama kilomita 47, na unazungushwa kufuata mshale wa saa, kwa sababu mabasi ya watalii yanazunguka hivyo na kukutana nayo uso kwa uso pale juu ya mwamba hutaki. Huko wanazungumza Kiayalandi na vibao vimeandikwa kwa lugha yao, basi andika majina kwenye karatasi kabla: Slea Head ni Ceann Sléibhe, Ventry ni Ceann Trá. Kuna mahali kijito kinapita juu ya lami na unavuka tu. Kuna Gallarus, kanisa dogo la kale la mawe yaliyopangwa bila chokaa, umbo lake ni dau lililopinduliwa. Mama aliligusa kila upande akitafuta maji ya mvua yanapopenyea.

Ila kwenye kijiji cha Dún Chaoin ndipo tulipokaa sana, zaidi ya saa nzima, bila kufanya lolote. Ng'ambo kuna kisiwa cha Great Blasket. Ukikaza macho unaona nyumba hazina mapaa. Nikamweleza kwamba watu waliishi pale kwa uvuvi na viazi, vijana wakahamia Marekani, wakabaki wachache, na mwaka 1953 serikali ikawahamisha 22 wa mwisho, kwa kuwa dhoruba zikianza hakuna daktari wala padri anayevuka. Mama akaniangalia mimi, si kisiwa. "Vijana wakahamia," akasema. Kisha akaomba chai.

Mipango mingine yote naiacha. Mnapenda orodha ndefu, maeneo kumi kwa siku mbili, picha kumi, na mnarudi kazini Jumatatu mmechoka kuliko mlivyoondoka. Nani kawaambia mnashindana? Sehemu moja. Lipia chumba mapema. Hela za watu usizishike, kila mtu alipe chake mwenyewe kwa mwenye nyumba. Hili la mwisho lisomeni mara mbili.

Na wewe kijana wa Cork: Giant's Causeway iko Ayalandi ya Kaskazini, yaani Uingereza. Hutaona geti mpakani, hutaulizwa pasipoti, lakini kadi yako ya ukaazi ya huku haikupi ruhusa ya kuingia kule, na Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza. Zile nguzo zake za mawe zimekaa pale miaka milioni hamsini na zaidi, zitakungoja upate viza. Wewe uko Cork, Dingle ni karibu kwako kuliko kwangu. Nenda Dingle.

Picha ya mama akiwa na kanga, Great Blasket nyuma yake, nilimtumia shosti siku ile ile. Alama mbili za buluu zimekaa hapo tangu Juni. Risiti bado ninazo.