Maswali Yenu kuhusu Robbery na Treni ya Mwaka 1963

Uchambuzi wangu wa Robbery, filamu ya Peter Yates ya mwaka 1967 iliyotokana na wizi wa treni ya barua uliotikisa Uingereza mwaka 1963, umeniletea barua nyingi, na sehemu kubwa yake zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua chache.

Niliitafuta filamu hiyo nikampata Sean Connery akiiba dhahabu katika treni ya moshi. Je, ndiyo yenyewe?

Siyo. Ile ya Connery inahusu wizi wa dhahabu wa mwaka 1855, wakati wa Malkia Victoria. Msomaji mwingine ameangukia filamu bubu ya Kimarekani ya mwaka 1903, iliyotengenezwa miaka 60 kabla ya wizi tunaouzungumzia, kisha akalalamika kwamba haina sauti. Robbery ni ya Stanley Baker, ambaye aliigiza kiongozi wa genge na pia alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Tafadhali someni mwaka na jina la mwongozaji kabla ya kushika kalamu.

Je, wizi wa almasi unaofungua filamu ulitokea kweli?

Hapana, huo ni utunzi, kama yalivyo utunzi majina yote ya wahusika. Hata hivyo, wazo la kwamba genge lilianza na kazi ndogo kabla ya ile kubwa halikutoka hewani, kwa sababu baadhi ya waliohusika na treni walihusishwa pia na uporaji wa £62,000 za mishahara katika uwanja wa ndege wa London mwezi Novemba 1962.

Inawezekanaje fedha nyingi kiasi kile zisafirishwe bila askari hata mmoja?

Iliwezekana kwa sababu zilikuwa zimesafirishwa hivyo kwa miaka mingi bila tukio, na mazoea ni adui mkubwa wa ulinzi. Treni ile ilitoka Glasgow kwenda London usiku, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 70 wa posta waliopanga barua njiani, na behewa la pili kutoka kwenye kichwa cha treni ndilo lililobeba vifurushi vya thamani, vikiwemo noti za mabenki. Kwa kawaida mzigo huo ulikadiriwa kuwa karibu £300,000, lakini Jumatatu ya wiki ile ilikuwa sikukuu ya mabenki huko Scotland, hivyo noti zilikuwa zimerundikana, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 8 Agosti wezi waliondoka na takriban £2,600,000. Wengi wa wafanyakazi hao hawakujua lolote wakati huo, kwa kuwa wezi walikikata kichwa pamoja na mabehewa mawili ya mwanzo na kuyaacha mengine nyuma kwenye reli.

Kwa nini watu wenye akili kama wale wahukumiwe miaka 30 ilhali hawakuua wala hawakutumia bunduki? Mimi nawaona mashujaa.

Barua za namna hii ni nyingi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu mara moja, na sitarudia.

Ni kweli kwamba hawakuwa na bunduki. Walikuwa na marungu na vyuma, na mmoja wao alimpiga dereva Jack Mills kichwani kwa chuma. Mzee wa watu alikuwa amesimamisha treni kwa kutii taa nyekundu, ambayo wezi walikuwa wameiwasha kwa betri baada ya kuifunika ile ya kijani kwa glovu. Msaidizi wake, David Whitby, alishuka ili apige simu ya kando ya reli, akakuta nyaya zimekatwa, kisha akakamatwa. Dereva mstaafu ambaye genge lilimleta kwa kazi hiyo alishindwa kukiendesha kichwa kile cha dizeli, na hapo ndipo Mills, damu ikimtoka, alipolazimishwa kuisogeza treni hadi kwenye daraja ambako magari yalikuwa yakisubiri. Hakurudi tena katika afya yake ya awali. Alifariki mwaka 1970 kwa saratani ya damu, na Whitby akafariki miaka miwili baadaye kwa maradhi ya moyo akiwa bado kijana. Sidai kwamba pigo lile ndilo lililowaua, ila ninaona ajabu kwamba mtu anaweza kuyakariri majina ya wezi na asiyajue haya mawili.

Kuhusu akili, tazameni walivyonaswa. Waliwaambia wafanyakazi wa posta wasijongee kwa nusu saa, na polisi wakaelewa mara moja kwamba maficho hayakuwa mbali. Katika shamba la Leatherslade, walikojificha, waliacha alama za vidole, zikiwemo zilizokutwa kwenye vifaa vya mchezo wa Monopoly. Wawili waliokamatwa mwanzo walijaribu kukodi gereji huko Bournemouth kwa kulipa mapema kwa noti nyingi ndogo ndogo, na mwenye gereji alikuwa mjane wa polisi! Mmoja wa wawili hao, Bill Boal, alifia gerezani mwaka 1970, na wezi wenyewe walisema baadaye kwamba hakuwamo katika wizi ule. Huyo pia hana shabiki.

Hukumu ya miaka 30 kwa watu saba ilikuwa nzito, na unaweza kuipinga kwa hoja za sheria bila kumgeuza jambazi kuwa shujaa.

Ronnie Biggs ni nani katika filamu?

Hayumo. Umaarufu wake ulitokana na kutoroka gereza la Wandsworth mwaka 1965 na kuishi miaka mingi Brazil, kwani katika wizi wenyewe kazi yake kubwa ilikuwa kumleta yule dereva aliyeshindwa kuendesha.

Kwa nini kiongozi anaponyoka mwishoni? Je, si kuwafundisha vijana ubaya?

Ukitazama kalenda utaelewa. Filamu ilipotoka mwaka 1967, Bruce Reynolds, kiongozi halisi, alikuwa bado hajapatikana, na alikamatwa Torquay mwezi Novemba mwaka uliofuata. Biggs na Charlie Wilson, mwingine wa genge hilo, nao walikuwa wametoroka gerezani. Mtunzi ambaye angewafunga wote pingu angekuwa anawadanganya watazamaji waliosoma magazeti asubuhi ile ile. Kinachonikera mimi ni sura tulivu na yenye heshima ambayo Baker anampa jambazi wake tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba polisi anayewasaka, Inspekta Langdon, aliyeigizwa na James Booth, anayefanya kazi ya kuchosha na yenye maana, anaonekana msumbufu.

Ni kweli kwamba Bullitt ilizaliwa na filamu hii?

Steve McQueen, nyota wa Bullitt, alipendezwa na mbio za magari za mwanzoni mwa Robbery, zilizopigwa katika mitaa halisi ya London, na Yates akapewa kuiongoza filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1968. Wanaozisifia mbio za Bullitt katika mitaa ya San Francisco bila kuziona za London wanaanza kitabu sura ya pili.

Naomba kiungo cha kuipakua bure.

Sina, na siku nikiwa nacho sitakutumia.