Papa na bando la wiki

Dada yangu, umeuliza kwa nini sisi wa Tanga tulifanya utani badala ya kusikitika mwezi Mei 2024, pale mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipokatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tulisikitika pia. Lakini soko la samaki la Deep Sea lina watu wanaoijua bahari, na mvuvi mmoja aliyekuwa akiparua changu, aliposikia kwamba mkongo umekatika chini ya maji, aliweka kisu chini akasema, "Basi papa kala bando langu la wiki!" Watu waliangua kicheko, nami naupenda sana utani ule kwa sababu haukuwa mbali na ukweli: nyuzi za kioo zinazopitisha mawasiliano ndani ya mikongo hiyo ni nyembamba kama unywele, na papa wamewahi kuonekana wakiing'ata mikongo, ingawa hitilafu nyingi duniani husababishwa na nanga za meli na nyavu za kukokota. Mzee mmoja alilijua hilo bila kuambiwa, kwani aliuliza papo hapo, "Nani katia nanga pale?"