Uongo Mwingi, Nyimbo Tamu: Maswali Yenu Kuhusu The Greatest Showman

The Greatest Showman ilitoka Desemba 2017, ikiongozwa na Michael Gracey. Hugh Jackman ndiye P.T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani wa karne ya 19. Ni dakika 105 tu, na nyimbo zake zimetungwa na Benj Pasek na Justin Paul. Wahakiki wengi waliiponda. Wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza kama dola milioni 8.8, mapato ya aibu kwa filamu ya dola milioni 84. Kwa kawaida wikiendi ya pili mapato hushuka. Yake yakapanda hadi milioni 15.5, watu wakaambiana, na mpaka inatoka kwenye majumba ya sinema ilikuwa imevuka milioni 400 duniani. Maswali yenu tumeyapunguza urefu.

Mhariri, nimeitazama mara tatu na kila mara najishangaa. Hadithi haina kichwa wala miguu, lakini wimbo ukianza nasahau malalamiko yote. Nina kasoro gani? (Msomaji, Arusha)

Huna kasoro. Katika filamu hii mazungumzo yanakimbiza matukio mbiombio, na kazi yenyewe ya kusimulia imeachiwa nyimbo. Itazame tena ile ya baa. Barnum anamtaka Phillip Carlyle, kijana wa ukoo wa kitajiri anayechezwa na Zac Efron, aache tamthilia za mabwana wakubwa aje kwenye sarakasi. Kwa maneno matupu, ushawishi huo ungekula dakika kumi. Hapa unamalizwa kwa wimbo mmoja: glasi zinagongwa juu ya kaunta, mhudumu anamimina na kurusha chupa bila kukosa pigo hata moja, na mwishoni mabwana hawa wanapatana bei kwa kuimba. Barnum anatoa asilimia 7, Carlyle anataka 18, huyu anapanda kidogo, yule anashuka kidogo, wanakutana kwenye 10. Aliyewahi kupatana bei ya kitenge Kariakoo hahitaji tafsiri.

Angalia pia wimbo wa mwanamke mwenye ndevu, anayechezwa na Keala Settle. Barnum yuko kwenye hafla ya wakubwa, na wasanii wake mwenyewe anawafungia mlango usoni. Yule mama anaanza kuimba kwa sauti ya chini palepale mlangoni, kama anajisemea, kisha anausukuma na kupita katikati ya wageni, halafu katikati ya watu wenye hasira huko nje. Filamu haijatuambia karibu chochote kuhusu maisha yake. Hiyo ni dosari kubwa ya uandishi, na wimbo unaifunika kwa dakika nne tu.

Si nyimbo zote zina nguvu hiyo. Ule wa Charity, mke wa Barnum, unarudia tulichokwisha kukijua, na unakuja mara tu baada ya wapendanao wawili kuruka kwa kamba kwenye ukumbi mtupu. Baada ya hayo, nani atasisimka? Kama kuna wakati wa kwenda kuinjika chai, ni huo.

Nafundisha historia. Wanafunzi wangu wameiona na sasa Barnum kwao ni mtetezi wa wanyonge. Ukweli ni upi, na je, niwakataze? (Mwalimu, Kisumu)

Usiwakataze, mwalimu. Waandikie ubaoni miaka kadhaa kabla hawajaitazama tena.

Wa kwanza ni 1835. Mwaka huo Barnum alilipa dola 1,000 ili apate haki ya kumwonyesha Joice Heth, bibi Mweusi aliyekuwa mtumwa, kipofu na karibu amepooza mwili mzima. Alimtangaza kuwa ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyekuwa yaya wa George Washington. Bibi huyo alipofariki Februari 1836, Barnum aliuza tiketi za kutazama maiti yake ikipasuliwa: senti 50 kwa kila mtu, na walioingia walikuwa kama 1,500. Daktari aliyeipasua alisema marehemu hakuzidi miaka 80. Biashara ya Barnum ilianzia hapo, na ndani ya filamu hakuna hata sentensi moja inayogusa jambo hili.

Wa pili ni 1842, alipomchukua Charles Stratton, mtoto wa kimo kifupi sana. Alikuwa hajatimiza hata miaka mitano. Barnum akawaambia watu ana 11. Mtu mzima mnayemwona kwenye filamu akipanda farasi na kuvaa sare za jenerali, katika historia alikuwa mtoto aliyefundishwa kuvuta sigara na kutania wageni. Walipokwenda mbele ya Malkia Victoria mwaka 1844 alikuwa na miaka sita.

Wa tatu ni 1850, mwaka wa Jenny Lind, mwimbaji wa opera kutoka Sweden. Mkataba wake ulikuwa dola 1,000 kwa usiku, hadi maonyesho 150, na sehemu kubwa ya fedha alizitoa kwa hisani. Hakuna mapenzi yaliyovunja ziara. Alichoshwa na matangazo ya kibiashara, akavunja mkataba 1851 kabla maonyesho hayajafika 100, akaendelea kuimba Marekani bila Barnum. Busu la jukwaani limetungwa. Phillip Carlyle na Anne Wheeler, yule mwanasarakasi anayechezwa na Zendaya, nao wametungwa mwanzo hadi mwisho.

Wa mwisho ni 1871. Sarakasi yenyewe ilianza hapo, Barnum akiwa na miaka 60, mjukuu juu ya mjukuu. Jumba lake la makumbusho pale New York lilikuwa limeungua 1865. Filamu imeyabana yote haya yakawa kama ya misimu miwili, ndiyo maana mabinti zake hawakui.

Zoezi linalofaa darasani ni hili: waambie wamfuate mhakiki Bennett kila anapotokea. James Gordon Bennett alikuwa mwenye gazeti kweli, ila kwenye filamu amepewa kazi ya kusema kila ambacho mhakiki wa leo angekisema, kwamba haya ni maonyesho ya uongo, kisha filamu inamfanya aonekane mtu asiyejua kucheka. Filamu imejikinga kabla haijapigwa. Wakiuona ujanja huo, watauona na kwenye matangazo ya sabuni.

Nyimbo zinalipuka, mazungumzo hayasikiki. Watoto wakilala mkono wangu haubanduki kwenye rimoti. Runinga mbovu? (Mama wa wawili, Morogoro)

Runinga nzima, mama. Sauti ya filamu imechanganywa kwa mifumo ya spika nyingi kama 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, na maneno ya waigizaji yamewekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Runinga yako ina spika mbili, tena zinaelekea chini au nyuma. Kifaa kikiendelea kutuma 5.1, sauti ya katikati hufifia, muziki wa pembeni ukabaki juu.

Anza ndani ya filamu yenyewe: kwenye orodha ya sauti chagua Stereo au 2.0 badala ya 5.1. Kisha nenda kwenye mipangilio ya runinga, sehemu ya Digital Audio Output, weka PCM. Zima kila kinachoitwa Surround au Virtual, maana kinatawanya maneno. Besi ipunguze vipimo viwili au vitatu. Mara nyingi hapo tatizo limekwisha. Likibaki, washa Night Mode au Auto Volume, ambayo hushusha sauti kubwa na kupandisha ndogo. Lakini iwe kwa usiku tu. Nyimbo hizi zimejengwa kwa kupanda ngazi, kutoka mnong'ono mpaka kwaya nzima ikikanyaga sakafu, na Night Mode husawazisha ngazi zote zikawa sakafu moja. Utasikia kila neno na hutasisimka.

Ukiwa bado kwenye mipangilio, zima pia ulainishaji wa mwendo wa picha. Kwenye Samsung huitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Filamu ina picha 24 kwa sekunde. Kifaa hicho hutunga picha za katikati ambazo hazikupigwa, na dhahabu yote ya seti huanza kuonekana kama mapambo ya ukumbi wa harusi. Simba na ndovu wa kompyuta, ambao hata bila hivyo hawadanganyi mtu, ndio huumbuka zaidi.

Midomo haifuatani na sauti. Ni filamu au ni spika yangu ya Bluetooth? (Kijana, Mbeya)

Ni spika. Sauti ya Bluetooth hufungashwa, hurushwa, kisha hufunguliwa, na safari hiyo huchukua milisekunde 100 hadi 300 kutegemea kifaa. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, milisekunde 200 ni karibu picha tano. Kwenye filamu ya kupigana hutajali. Kwenye ya kuimba utadhani waigizaji hawajui maneno.

Kipimo kizuri ni ile baa tuliyoitaja. Glasi ikigusa kaunta, mlio uje papo hapo. Ukija baadaye, tumia waya wa AUX au HDMI ARC. Ukitazamia kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, bonyeza J: kila mbonyezo huivuta sauti mbele kwa milisekunde 50. Ukizidisha, K huirudisha. Mibonyezo mitatu au minne kwa kawaida inatosha, na ukibadilisha spika uanze upya.

Ukishapata ulinganifu na bado unahisi kitu hakikai, hapo ni filamu. Nyimbo zilirekodiwa studio kwanza, waigizaji wakaigiza juu ya rekodi. Mwigizaji makini huimba kwa sauti kamili hata kama haitatumika, mishipa ya shingo ikatoka na kifua kikapanda kabla ya mstari mrefu. Anayechezesha midomo tu, shingo yake hulala. Les Misérables ya 2012 walijaribu njia nyingine: waliimba papo hapo mbele ya kamera, kisikilizio sikioni na mpiga kinanda akiwafuata. Pumzi ni za kweli, na sauti nyingine zinakwaruza.

Wifi yangu anasema amedhulumiwa, eti Jenny Lind wa kwenye filamu hakuimba mwenyewe. Sisi tuliolelewa na picha za Kihindi tunashangaa: kosa liko wapi? (Msomaji, Tanga)

Mwambie wifi pole. Rebecca Ferguson ameigiza, sauti ni ya Loren Allred. Hata Barnum mtoto anaimbiwa na mtoto mwingine, Ziv Zaifman. Tofauti ni desturi. Kwenye filamu za Kihindi mwimbaji wa nyuma ya pazia ni nyota. Watu walinunua kaseti kwa jina la Lata Mangeshkar, sura ya mwigizaji ikaja baadaye. Hollywood ilizoea kuficha. Marni Nixon alimwimbia Natalie Wood kwenye West Side Story ya 1961 na Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady ya 1964, na filamu zilipotoka jina lake halikuandikwa. Allred angalau ametajwa.

Lalamiko lenye uzito ni jingine: Lind alikuwa wa opera, na alichopewa hapa ni wimbo wa redio wa karne ya 21. Kama wimbo, mtamu. Ila wale mabwana wa ukumbini waliovaa kofia ndefu wangekimbia.

Nimepata nakala iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ile ya msimuliaji kuongea juu ya picha. Inafaa? (Msomaji, Mwanza)

Kwa filamu za mapigano, msimuliaji wa kibanda umiza huongeza raha. Kwa hii, hapana. Anaongea juu ya nyimbo, au anaziruka, na bila nyimbo hakuna kilichobaki. Hadithi yenyewe utaielewa hata kwa Kiingereza cha shule ya msingi. Weka manukuu, au tafuta toleo lenye maneno ya nyimbo chini ya picha, lililoonyeshwa sinema mwanzoni mwa 2018.

Nimesikia ndovu maarufu wa Barnum alikuwa na jina la Kiswahili. Kweli? (Msomaji, Muscat)

Ndovu mwenyewe alikuwepo: Jumbo, aliyenunuliwa kutoka bustani ya wanyama ya London mwaka 1882 kwa dola 10,000, akafa 1885 kwa kugongwa na treni huko Kanada. Wapo wanaodai jina lilitoka kwenye «jumbe» au «jambo», lakini ushahidi haujitoshelezi. Ndovu anayempeleka Barnum kwenye onyesho la binti yake mwishoni mwa filamu si yeye. Kwa tarehe za humo, Jumbo alikuwa hata hajazaliwa.