Umeacha unga, siku zimekuwa ndefu: jibu langu kutoka Malindi

Ndugu uliyeuliza, umesema una zaidi ya miaka miwili bila unga, yaani heroini, arosto (yale maumivu ya kuikosa) umeshaisahau, nyumbani wamekupokea, lakini leo inafanana na jana na unaogopa kurudi maskani, kijiwe cha mateja, kwa kukosa tu la kufanya. Wengi wamekujibu "jishughulishe, swali, fanya mazoezi." Sina ugomvi nao. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba una kibarua, unaswali, na jioni unacheza mpira. Bado umeboeka. Basi dawa haiwezi kuwa kuongeza shughuli ya nne.

Mimi niko Malindi, Kenya, mtaa wa Shela. Nilitumia miaka mingi, nikapitia kituo cha kulala cha kuachia unga huko huko, kisha nikaingia kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, baada ya kuanza kutolewa hospitali yetu mwaka 2015. Hali unayoieleza naijua, na nitasema mapema: inakwenda na kurudi. Mwaka wa tatu ilinibana kuliko mwaka wa kwanza.

Watu wakimwona teja amesinzia ukutani hudhani siku yake ni tupu. Wewe na mimi tunajua vingine. Alfajiri arosto inakuamsha, kamasi zinakutiririka, tumbo linakata, unatoka kusaka. Ubebe mizigo sokoni, uokote vyuma, utunge stori ya mgonjwa asiyekuwepo, umpate wa kuchangia naye kete (kipimo kidogo cha unga), umkwepe askari, umfikie muuzaji kabla hajahama kona. Hadi adhuhuri umepanga na kupangua kuliko meneja wa hoteli. Na ujira unaupata papo hapo. Kisha unaacha, watu wanakupongeza, na hakuna anayekwambia kwamba pamoja na unga umepoteza na kazi. Kazi mbaya, lakini ilikuwa inakuamsha.

Ndiyo maana kuangalia filamu au kukaa barazani na simu hakukutoshi. Hukukosa burudani; umekosa mbio zile, kutaka kitu tangu asubuhi na kukipata jioni. Na ubongo nao una deni lake. Heroini huusukuma utoe dopamini kwa wingi usio wa kawaida, kwa miaka, hadi raha ndogondogo zinapoteza ladha. Kurudi sawa huchukua miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Pweza wa nazi akikosa utamu, usijione una moyo mbovu.

Sasa nikwambie kitu cha huku kwetu ambacho sijaona mtu akikitaja: msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inavuma, wageni wapo, hoteli zinaajiri, vyombo vinatoka baharini, hata asiye na kazi anatumwa. Ikiingia kusi, kuanzia Aprili, bahari inachafuka, hoteli nyingine zinafunga, vijana wanajaa ufukweni wakitazamana. Wenzangu niliowaona wakirudia, wengi walirudia wakati huo, na hawakuwa na msiba wala ugomvi wa nyumbani. Mji ulikuwa kimya tu. Mshauri anakufundisha kujihadhari na njaa, hasira, upweke na uchovu, na ni sawa. Mimi nimeongeza kalenda. Ikifika Februari naanza kujiuliza kusi nitaikaaje.

Jibu langu lilikuwa kalafati, kazi ya kuziba mianya ya mashua. Kusi ndiyo wakati vyombo vinapandishwa pwani kutengenezwa, na fundi mmoja, mzee wa Kibajuni aliyehamia kutoka Lamu, alihitaji mtu wa kumshikia nyundo. Unasokota pamba, unaitia mafuta, unaipigilia kwa patasi kwenye mianya ya mbao, mwanya kwa mwanya, siku nzima umechuchumaa. Chini ya chombo unapaka deheni ya chokaa na mafuta. Ukipigilia kidogo maji yanaingia, ukizidisha unaziachanisha mbao. Nilikuwa nikimaliza pima nzima mzee anapitisha kidole, anasema, "Toa, mwanangu. Rudia." Hakuna sifa, hakuna pole. Msimu wa kwanza niliichukia kazi ile.

Iliyonibakisha si pesa, maana ni kidogo. Ni kwamba ilikuwa na ngazi. Leo sijui kusikia mlio wa pamba iliyokaa, baada ya muda nausikia. Halafu kuna mtu mwenye watoto atakayetoka na mashua hiyo usiku, anataka kujua kama imekaza, na ananiuliza mimi. Zamani nilikuwa mtu wa kuambiwa "ondoka hapo."

Wewe huenda huna bahari karibu. Tafuta fundi wa injini za tuktuk, mshonaji, mpishi wa harusi, yeyote mwenye ujuzi usioisha kujifunza na mwenye ukali kidogo. Kibarua cha kupanga makreti, kama hicho ulichonacho, kinaujaza muda lakini kichwa kinabaki na nafasi kubwa sana ya kutembea.

Kuhusu mikutano ya walioacha, umesema hadithi ni zile zile. Kweli. Kundi la NA (Narcotics Anonymous, la waraibu wanaosaidiana kuacha) lilianza California mwaka 1953 na nadhani hata wao walichoshana. Usiache kwenda, ila badilisha kiti: kaa na aliyekuja jana, anayetetemeka, umtafutie chai. Kwa miezi fulani hilo lilinisaidia sana. Lakini nina maoni ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi. Ukiwa kila ulipo wewe ni "yule aliyeacha," hilo nalo linachosha. Mimi nafurahi zaidi nikiwa na watu wanaonijua kwa mashua tu.

Kama bado uko kwenye dawa, tafadhali usijipunguzie wala kuacha kwa sababu umechoka kwenda kliniki kila siku. Zungumza nao, kupunguza kuna utaratibu wake. Na ile sauti inayosema "mara moja tu, kuchangamsha siku," isikie kama hatari ya kifo. Baada ya miaka miwili mwili umeshasahau kipimo chake. Kete iliyokuwa haikutoshi zamani inaweza kusimamisha pumzi leo. Tumezika watu hivyo.

Pia jichunguze. Ukiona huli, usingizi umekimbia au unalala mchana kutwa, hata watoto hawakuchekeshi, na hali hiyo imepita wiki mbili, hapo si kuboeka tena. Nenda kwa daktari, mwambie historia yako yote. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika, lakini fundi wa mashua hawezi kuitibu.

Mwisho, kuna ndugu hapo juu amekushauri utafune muguka, yale majani ya jamii ya miraa, ili siku isogee. Simfahamu na simvunjii heshima, ila nampinga. Kaunti yetu ya Kilifi iliupiga marufuku mwaka 2024, mvutano ukafika mahakamani, nami sitaki siasa zake. Nazungumzia usiku wake tu. Unatafuna kuanzia alasiri, unachangamka, unapanga kujenga ghorofa. Saa nane za usiku macho yako darini, hujala, taya zinauma, na unatamani kitu chochote cha kukulaza. Kitu hicho wewe unakijua jina, na unajua kinauzwa wapi. Tuandikie uko mji gani na kibarua chako kinaisha saa ngapi, huenda mmoja wetu anamjua fundi huko.