Kumpata John Jones wa Scranton

Dada, huyo babu unayemtafuta, mchimba makaa aliyetoka Wales kwenda Scranton, Pennsylvania, Marekani, usimsake kwa jina tu, akina John Jones ni wengi mno. Anza na sensa ya Marekani ya 1900: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka aliohamia. Kisha kaburi. Mawe mengine ya Wawelisi hutaja hadi parokia alikozaliwa mtu, na ukiipata hiyo umemaliza nusu ya kazi. Hapo omba cheti cha kuzaliwa. Usajili wa serikali huko Wales ulianza Julai 1837, nacho cheti hutaja jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Kabla yake ni vitabu vya kanisa, na angalia: zamani mtoto alichukua jina la baba, kama kwetu. Mwana wa Evan Thomas aweza kuwa John Evans.