Maswali na Majibu: Kiungo Kilichoumia Kinataka Kutumiwa

Mwanangu ana miaka 9. Aliteleza juu ya muembe akaangukia kiwiko cha kulia. Hatukupiga picha. Mkandaji anamvuta mkono kila asubuhi na sasa haunyooki kabisa. Tuongeze siku za kukandwa? (Mama, Chake Chake)

Usiongeze hata siku moja. Simamisha leo, na mtoto apelekwe hospitali akapigwe eksirei.

Jambo hili naliandika kila msimu wa maembe na kila msimu wa karafuu, na bado watoto wanaletwa mikono ikiwa imeshakakamaa. Kiwiko kikiumia, misuli iliyo mbele yake huvia damu kwa ndani. Ikivutwa kwa nguvu siku baada ya siku haipati nafasi ya kupona, na mwili unaweza kuotesha mfupa mahali palipotakiwa kuwa nyama. Mfupa huo ukishakomaa unazuia mkono kukunja na kunyooka, na hakuna mafuta ya kuuyeyusha. Kule kuvuta ambako jamaa wanakuona ni juhudi kunaweza kuwa ndiko kunakomlemaza mtoto. Tena karibu na kiwiko cha mtoto pana sehemu laini ambazo mfupa unakulia. Zikivunjika zisirudishwe sawa, mkono hukua umepinda.

Picha ikionesha mfupa umekaa vizuri na daktari akaruhusu mazoezi, wa kuukunja mkono ni mtoto mwenyewe. Si wewe, si bibi yake, si mkandaji. Mwache ale kwa mkono wake wa kulia, na usipofika mdomoni aufuate kwa kuinamisha kichwa. Achezee maji kwenye karai, achane nywele, afunge vifungo vya shati la skuli. Kiwiko cha mtoto kinaweza kuchukua miezi kulegea, nanyi mvumilie.

Sina ugomvi na wakandaji wote. Mgongo uliochoka ukipakwa mafuta ukakandwa, mtu analala vizuri usiku ule na hakuna ubaya. Kiungo kilichoanguka kikavimba hakikandwi. Na mkono uliofungwa, iwe kwa vijiti vya mianzi au kwa plasta ya hospitali, utazameni vidole. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi unapovinyoosha, vijiti vifunguliwe pale pale na mtoto akimbizwe hospitali. Mwenye plasta naye akimbizwe ikakatwe, asisubiri asubuhi. Misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache.

Mguu unauma, nifanye nini?

Mguu upi, sehemu gani, tangu lini, ulianguka au hukuanguka, una miaka mingapi, una sukari? Kila mara naomba mambo haya na kila mara naletewa maneno manne. Siwezi kumpa mazoezi mtu nisiyejua anaumwa nini. Moja nitasema kwa sababu linaua: shavu la mguu mmoja likivimba ghafla, likawa la moto na linauma, usikubali kuchuliwa. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na ikisukumwa inaweza kwenda mapafuni. Nenda hospitali.

Mimi ni mkulima wa mwani. Bamvua likija, maji yakikupwa sana, naingia baharini siku tano mfululizo, na nikitoka siwezi kusimama wima. Ni mwaka wa pili. Nimeambiwa nilale sana na nivae mkanda. Je, pingili za mgongo zimeharibika? (Paje)

Dada yangu, umeshanionesha penyewe: mgongo unakuuma bamvua. Maji yakiwa mafu, hayajai wala hayakupwi sana, unapumzika, misuli inapoa, kisha ghafla unaitaka ikubebe umeinama saa nyingi kwa siku tano. Kuinama hakuvunji mgongo. Mgongo unaumia kwa kazi kubwa unayoupa kabla haujazoea.

Kwa hiyo mazoezi yako ni ya siku za maji mafu. Inuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mara 10, upumzike, urudie mpaka zitimie zamu tatu. Lala chali, magoti juu, uinue nyonga mpaka mwili unyooke, uhesabu tano, ushuke. Tembea nusu saa. Nyanyua ndoo yenye maji kidogo, na kila wiki uongeze kata moja. Ukiwa baharini, kila unapomaliza kamba simama, shika kiuno, jipinde nyuma mara chache, ndipo uanze nyingine.

Kulala siku moja au mbili si dhambi, lakini wiki nzima kitandani inakudhoofisha. Mkanda uache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Disemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mazoezi, na haushauri mikanda wala kuvutwa mgongo kwa uzito. Pingili nazo zisikutie hofu, maana watu wengi wasioumwa chochote wakipigwa picha huonekana zimechakaa. Lakini mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Na wanaume wa pwani niwaambie: gunia la mwani mbichi si mzigo wa mwanamke mmoja kichwani. Mikokoteni ipo.

Kifundo kimeteguka: barafu au maji ya moto?

Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15, siku mbili tatu za mwanzo. Maji ya moto baadaye.

Nacheza mpira Wete. Kifundo kile kile kinateguka kila baada ya miezi michache. Nivae soksi ya kubana? (Winga)

Vaa, lakini soksi haitakufundisha kusimama. Uliacha mazoezi maumivu yalipoisha, kama wachezaji wengi wanavyofanya, na mguu haukuwahi kurudishiwa mizani yake. Simama kwa mguu huo nusu dakika kila unapopiga mswaki. Ukiweza, fumba macho. Ukiweza, simama mchangani. Nyanyuka kwa vidole vya mguu huo mmoja mpaka ufikishe 20. Usirudi uwanjani kabla hujaweza kuruka kwa mguu huo na kukimbia kwa kona bila maumivu, hata kocha akikubembeleza. Siku ukiteguka tena ukashindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa pembeni unauma, kapige picha.

Baba mkwe amepooza upande, wiki ya pili sasa. Wazee wanasema asisumbuliwe mpaka arubaini ipite. (Makunduchi)

Hapana. Kisomo kisomwe, lakini mazoezi na dawa za presha visisubiri hata kesho. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Mkalisheni, ainuke kitandani kwa msaada mara nyingi kwa siku, mkono dhaifu upewe kazi. Msimnyanyue kwa kumvuta mkono huo, mtalitoa bega. Akikohoa anapokunywa maji, msimlishe amelala, na mwambieni daktari.

Mazoezi yenyewe yanauma. Niache?

Maumivu madogo yanayotulia kabla ya asubuhi hayana neno, endelea. Ukiamka umezidiwa, punguza nusu, usiache.