Kutoka Mbeya kwenda Mji Mkongwe na watoto: nendeni, lakini anzieni Mkunazini

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuwatoa watoto Mbeya mpaka Unguja kuona Mji Mkongwe na kisiwa cha Changuu, maana jirani yako amerudi analalamika kwamba kule siku hizi ni biashara tupu, kila hatua ni hela, na afadhali angeishia Matema, ufukweni Ziwa Nyasa. Mimi nimewapeleka wanangu, na kwa kuwa nafundisha Historia sekondari huku Rungwe nimeongozana na wanafunzi pia. Jibu langu: nendeni. Ila anzieni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, na msiende kwa ratiba ya wauzaji wa safari, kwa sababu nadhani hapo ndipo jirani yako alipoumia.

Hakusema uongo lakini. Ukitoka tu pale bandarini, begi bado liko begani, mapapasi wameshakuzunguka. Boti ya kisiwani, kaka? Shamba la viungo? Hoteli unayo? Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki, hawana ubaya na mtu. Jibu "asante, nimeshapangiwa", endelea kutembea, watakuacha. Kinachoniuma mimi si hao. Kinachoniuma ni kwamba biashara imeingia mpaka kwenye masimulizi. Mgeni anauziwa kile kinachosisimua, tena kwa dakika chache, halafu anaelekezwa dukani. Mtu wa kwetu anarudi Uyole na picha za kobe, na hakuna aliyemwambia kwamba habari kubwa kuliko zote pale inahusu watu wa ziwa letu.

Chukua Changuu, ambacho ndicho kila mtu atakuuzia kwanza. Kisiwa kiko chini ya kilomita 6 kutoka mjini, na boti huondokea ufukweni pale karibu na bustani ya Forodhani. Utaambiwa unapelekwa kuona gereza la watumwa. Ni kweli kwamba miaka ya 1860 Sultani Majid aliwapa Waarabu wawili kisiwa hicho, nao wakawa wanawafungia huko watumwa waliokuwa wakaidi. Lakini jengo la gereza utakalopigia picha ni la baadaye kabisa. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu katika serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa mwaka 1893, gereza likakamilika 1894, na halikuwahi kumfunga mfungwa hata mmoja. Lilichofanya kweli ni kazi ya karantini: waliokuja na meli zilizoshukiwa kuwa na homa ya manjano walikalishwa pale mpaka ijulikane kama ni wazima. Hiyo nayo ni historia nzito, na watoto waliopitia miaka ya korona wanaielewa upesi ukiwaeleza. Nahodha wetu hakuigusa kabisa.

Kobe, hapo watoto watafurahi na sioni sababu ya kuwanyima. Asili yao ni visiwa vya Aldabra. Wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana Mwingereza wa Shelisheli, wakazaana mpaka wakakaribia 200 mwaka 1955. Kisha wakaanza kuibwa na kuuzwa, na kufikia 1996 walikuwa wamebaki 7. Waliopo leo wapo kwa sababu watu walikazana kuwalinda. Basi mkifika, wakatazeni watoto kuwapanda mgongoni, hata mkiona wageni wengine wanafanya hivyo kwa ajili ya picha na mtunzaji amenyamaza. Mtoto akimkuna kobe taratibu shingoni, atamwona anainuka kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo. Hilo wangu hawajalisahau. Saa moja na nusu kisiwani inatosha. Nendeni na boti za asubuhi, kabla bahari haijachafuka na kabla makundi ya hotelini hayajajaa. Bei ulizia ya boti nzima, si ya kichwa, kisha tafuteni familia nyingine mgawane.

Sasa Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, mahali palipokuwa soko la watumwa. Wengi hupapitia mwisho wa siku wakiwa hoi. Mimi naomba muanzie hapo, siku ya kwanza asubuhi, mkiwa na akili iliyopumzika.

Sababu yangu ni hii. Njia kubwa ya watumwa wa kusini ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikashuka mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa watu wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Kanali Rigby, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar kati ya 1858 na 1861, alimweleza mmisionari David Livingstone kwamba watu 19,000 kutoka nchi ya Nyasa peke yake walipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Isome tena namba hiyo ukiwa unajua kwamba Kyela yetu iko kwenye ncha ya ziwa hilo. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, lakini bara mambo hayakuisha siku hiyo. Ng'ambo ya Kyela tu, kule Karonga, Malawi, mfanyabiashara wa watumwa Mlozi aliwashambulia Wangonde mwaka 1887, na hakukamatwa mpaka 1895. Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu wa lugha na damu, sina haja ya kukueleza.

Nilipokwenda na wanangu, tulipewa mtembezaji aliyekuwa na haraka. Alitushusha moja kwa moja kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi, akataja idadi ya watu waliobanwa mle, akaonesha minyororo, akatupandisha. Binti yangu akamuuliza, hawa watu walitoka wapi? Akajibiwa, "Bara." Basi, neno moja, na tukaelekezwa kwenye vinyago vya kuuza. Ilibidi nimkalishe binti kwenye kivuli, nimchoree ramani ya ziwa kwenye daftari lake na kumwonesha njia ya Kilwa. Kaka yake akaja, na familia moja iliyotoka Songea ikasogea kusikiliza. Yule mama wa Songea alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema bibi yake alikuwa akiimba wimbo wa watu waliopotelea pwani na yeye hakuwahi kuuliza maana yake.

Na vyumba vile vyenyewe vinahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama vyumba vile viliwahi kushika watumwa hata kidogo. Hilo halipunguzi unyama uliofanyika pale nje uwanjani, ambao hauna ubishi. Lakini ona jinsi biashara ilivyochagua: kichumba chenye giza kinauzika, uwanja wa wazi hauuziki. Waambie watoto ukweli wote, wanaumudu. Msishuke mle kabla ya kusoma maonesho ya juu, yameandaliwa vizuri na hayana haraka ya mtu. Someni bango kwa bango. Kisha nendeni kwenye sanamu za nje, watu watano wamesimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Minyororo ile ni ya kweli, ya enzi zile.

Halafu ingieni kanisani. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa, kanisa likajengwa chini ya Askofu Edward Steere, na madhabahu inaelezwa kuwa imesimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Steere amezikwa nyuma yake. Kuna pia msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Watoto waliowahi kusimama Matema wakatazama Milima ya Livingstone, ile mirefu ya mashariki mwa ziwa, wanalijua jina hilo tayari. Jumapili asubuhi msiende kutalii, watu wako ibadani.

Kuhusu kiongozi: usichukue wa njiani. Mwambie mwenye nyumba mnapofikia akutafutie mwenye kitambulisho cha utalii, kisha ongea naye kwa simu kabla. Mwulize swali moja tu: watumwa waliouzwa Mkunazini walitoka wapi? Akikutajia Nyasa, Kilwa, Wayao, Wangindo, huyo mlipe hata kama bei yake iko juu kidogo. Kubaliana naye kwamba hakuna kupitia dukani. Wengi wao hupewa kamisheni na maduka, kwa hiyo ukimlipa vizuri wewe, humlazimishi kukukimbiza.

Forodhani sina mengi. Jioni ni pazuri, bustani ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, na watoto watakodoa macho wakiwaona vijana wa makachu wakijirusha baharini kutoka ukutani. Chakula cha pale uliza bei kabla hujaonesha kidole, maana sahani hujazwa upesi na hesabu huja baadaye. Juisi ya miwa inafaa kuanzia nayo. Urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, mtaupata mzuri zaidi, na kwa hela ndogo, vichochoroni ambako wenyeji wenyewe wanakula. Beit al-Ajaib, lile jumba la Barghash la 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Litazameni kwa nje mkipita.

Kuna sehemu ambazo hakuna wa kukuuzia kitu zaidi ya kahawa. Baada ya alasiri mpelekeni mtoto mkubwa Jaws Corner, kijiwe cha kahawa ndani ya Mji Mkongwe, wazee wanakaa barazani na dhumna, kahawa tungu inamiminwa kwenye vikombe vidogo, kashata pembeni. Salimia kwa shikamoo, kaa, usipige picha. Ukisema umetoka Mbeya watakuuliza habari za mchele wa Kyela, na mazungumzo yameshaanza. Pale nimesikia habari za mji kuliko kwenye ziara yoyote ya kulipia. (Kahawa yenyewe, sisi tunaoilima Mbozi na Rungwe, wengi wetu nyumbani tunakunywa ya kopo. Watoto wangu ndio kwanza waliona inavyopikwa kwenye dele, lile birika la kahawa.)

Usafiri kwa kifupi. Basi linapita Makambako, Ipogoro, Kitonga, Mikumi, na mtafika Dar mmechoka, kwa hiyo laleni Dar usiku mmoja kabla ya kupanda boti. Mkiwa na nafasi, TAZARA ni bora kwa watoto ingawa ratiba yake inataka uvumilivu. Dirisha lake linaonesha nchi ambayo barabara haioneshi. Beba vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu Mtanzania ana bei yake kwenye boti na kwenye viingilio vingi, na ukikosa cha kuonesha unaweza kutozwa ya mgeni. Lipa kwa shilingi. Akikutajia dola, mwombe kwa upole bei ya Mtanzania. Nguo za kusitiri mabega na magoti, kwa wote. Mwezi wa Ramadhani msiende na watoto wadogo, mchana migahawa mingi imefungwa na si vizuri kula mbele za watu. Aprili na Mei mvua. Julai na Agosti wageni wamefurika na bei za kulala zinapanda. Likizo ya Juni mwanzoni inafaa.

Na Matema, jirani yako ameitaja kama mbadala. Mimi naiona kama mwanzo wa safari hiyohiyo. Kama uwezo upo, wiki kadhaa kabla ya Unguja wapelekeni watoto Matema siku mbili, waoge ziwani, waone vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, wamsikilize mzee yeyote wa pale. Waambieni kwamba kutoka kwenye fukwe za ziwa hili watu walitembezwa kwa miguu mpaka baharini. Hapo watakapofika Mkunazini hawatahitaji giza la chumba ili waguswe. Wanafunzi wangu waliopita Matema kwanza waliuliza maswali ambayo wenzao hawakuyafikiria, mmoja akataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kurudi.

Umesema una watoto watatu, mdogo yuko darasa la pili. Wakubwa wawili washuke nao kwenye vyumba vya chini na wasome kila kitu. Mdogo mwacheni juu na mama yake bustanini, mle ndani dari ni fupi na hewa nzito, ya kumweleza atasikia kwa dada zake jioni mkiwa mnakula.